Lazima ya Nani? Kampala na Misingi ya Elimu ya Lazima

Kila mwanzo wa mwaka, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, vichochoro vya Kikuubo katikati ya Kampala hujaa wazazi wenye karatasi mkononi. Karatasi hiyo imetoka shuleni, nayo ina orodha ya vitu ambavyo mtoto anatakiwa kufika navyo: rimu ya karatasi, fagio mbili, karatasi za chooni, sabuni, madaftari, na pengine sukari ya uji. Viatu vyeusi hutafutwa Owino, kwenye marundo ya mitumba. Jioni mzazi hupanda bodaboda, ufagio umechomoza mfukoni, akarudi Katwe, Bwaise au Kamwokya huku akijumlisha alichotumia na kilichobaki cha kulipia nyumba.

Sheria ya Uganda inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na kwamba shule zilizo katika mpango wa serikali hazitozi karo. Mzazi huyo ametimiza upande wake wa sheria kwa fedha zake mwenyewe. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila nchi iliyotaka kuwasomesha watoto wake wote imelazimika kulijibu: tunaposema elimu ni lazima, lazima hiyo inamfunga nani kwanza, mzazi au serikali?

Bonna Basome

Kusoma hakukuanza Kampala kwa amri. Mwaka 1844 mfanyabiashara Mwislamu, Ahmed bin Ibrahim, alifika katika kasri la Kabaka Ssuuna, mfalme wa Buganda, na pamoja na bidhaa za pwani akaleta Kurani. Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1877, wa Kikatoliki wakawafuata mwaka 1879, na waliowaamini wakaitwa abasomi, yaani wasomaji. Hadi leo neno la Kiganda okusoma hubeba mambo matatu: kusoma kitabu, kwenda shule na kusali kanisani. Shule ilizaliwa ndani ya dini, na ilizaliwa kwa ajili ya wachache. Namilyango ilifunguliwa mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905, King's College Budo mwaka 1906. Zilikuwa shule nzuri sana, na wengi waliokaa kwenye madawati yake walikuwa watoto wa wakubwa.

Uhuru wa mwaka 1962 haukubadilisha mpangilio huo mara moja. Tume ya Castle ya mwaka 1963 iliweka mkazo kwenye elimu ya sekondari, kwa kuwa taifa changa lilihitaji haraka makarani, walimu na wahandisi wa kuchukua nafasi za wakoloni. Kisha ikaja miaka ya Idi Amin na ya vita, na mzigo wa shule ukawaangukia wazazi karibu wote. Tume iliyoongozwa na Profesa William Senteza Kajubi, iliyotoa ripoti yake mwaka 1989, ndiyo iliyoliweka tena mezani wazo la elimu ya msingi kwa kila mtoto. Waraka wa serikali wa mwaka 1992 ukalipokea. Katiba ya mwaka 1995 ikaandika kwamba watu wote wana haki ya kupata elimu, na kwamba elimu ya msingi ya mtoto ni wajibu wa dola na wa wazazi wake.

Katika kampeni za urais za mwaka 1996, Yoweri Museveni aliahidi kuwasomesha bure watoto wanne wa kila familia. Familia yenye wasichana ilitakiwa kuhakikisha wawili kati ya wanne hao ni wasichana, na watoto wenye ulemavu walipewa kipaumbele. Mpango ulianza Januari 1997, baadaye kikomo cha wanne kikaondolewa, na watu wakauita kwa Kiganda Bonna Basome: wote wasome. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa karibu milioni 3.1 mwaka 1996, walifika milioni 5.3 katika mwaka mmoja tu. Madarasa hayakutosha, watoto wakakaa chini ya miembe. Hakuna askari aliyetumwa nyumba kwa nyumba kuwakamata. Waliletwa na wazazi wao, baada ya kizuizi kimoja kuondolewa.

Karo kwanza, amri baadaye

Jambo hilo lina uzito mkubwa katika mjadala wa elimu ya lazima. Uganda iliondoa karo mwaka 1997, lakini sheria iliyotamka waziwazi kwamba elimu ya msingi ya miaka 7 ni ya lazima kwa mtoto aliyefika umri wa miaka 6 ilipitishwa mwaka 2008. Miaka 11 ilipita kati ya bure na lazima.

Uingereza ilipita njia hiyo kinyumenyume. Sheria ya mwaka 1880 iliwalazimisha wazazi wote kupeleka watoto shule, ilhali karo za shule nyingi za msingi ziliendelea kutozwa hadi mwaka 1891. Miaka 11 vilevile, na katika miaka hiyo mzazi maskini aliweza kupelekwa mahakamani kwa kosa la kutokuwa na peni chache za wiki. Japani ilitangaza elimu ya lazima mwaka 1872 huku wazazi wakilipia. Katika maeneo kadhaa wakulima wenye hasira walichoma shule moto, na karo ya elimu ya lazima ikafutwa mwaka 1900. Wafaransa waliupata mpangilio sahihi mapema: sheria ya Jules Ferry ya mwaka 1881 iliifanya shule kuwa bure, na ile ya mwaka 1882 ikaifanya kuwa ya lazima.

Hata hapa jirani somo hilo limeandikwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliisukuma Tanzania kuelekea elimu ya msingi kwa wote, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi kumpeleka shule mtoto wa miaka 7 hadi 13. Katikati ya miaka ya 1980, uchumi ulipoyumba, michango ikarudishwa. Sheria ilibaki palepale kwenye vitabu, lakini uandikishaji ukashuka. Karo ilipofutwa tena mwaka 2001, watoto walimiminika. Kenya nayo, ilipofuta karo Januari 2003, ilipokea zaidi ya watoto milioni moja wapya, na mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, akajiandikisha darasa la kwanza mjini Eldoret.

Msingi wa kwanza, basi, ni mpangilio wenyewe: kinacholazimishwa lazima kwanza kiwezekane. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema elimu ya msingi iwe bure na iwe ya lazima, na maneno hayo mawili yamewekwa pamoja kwa sababu. Lazima isiyo bure ni kodi ya kichwa inayotozwa kwa maskini.

Shilingi inayofika darasani

Lakini bure maana yake si kwamba hakuna anayelipa. Mshahara wa mwalimu unalipwa, chaki inanunuliwa, choo kinajengwa. Mpango ulipoanza, serikali ya Uganda ilitoa ruzuku ya shilingi 5,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, na shilingi 8,100 kwa wa darasa la nne hadi la saba. Baadaye ikawa shilingi 10,000, ikakaa hapo kwa miaka mingi huku bei za kila kitu zikipanda, na miaka ya karibuni ikapandishwa hadi 20,000. Fedha hiyo ya mwaka mzima ni karibu sawa na bei ya rimu moja ya karatasi dukani Kikuubo. Anayeshangaa kwa nini shule inaagiza rimu na ufagio kwa mzazi ameshapata jibu.

Kiasi ni tatizo moja. Safari ya fedha ni jingine. Hapa Uganda iliufundisha ulimwengu jambo ambalo yenyewe imeanza kulisahau. Mwaka 1996 watafiti walifuatilia ruzuku ya shule 250 na kugundua kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipokea, kwa wastani, asilimia 13 tu ya fedha zilizotumwa kutoka hazina. Nyingine zote ziliishia mikononi mwa maofisa wa wilaya, kwa matumizi yasiyohusu elimu au kwa manufaa yao binafsi. Utafiti huo wa Ritva Reinikka na Jakob Svensson ulisomwa duniani kote.

Dawa iliyotumika ilikuwa nyepesi. Serikali ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikaagizwa kubandika tangazo la fedha zilizopokelewa mahali ambapo mzazi yeyote ataliona. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikifika shuleni. Mzazi aliyejua kiasi cha fedha ya mtoto wake aliweza kuuliza ilipo, na ofisa aliyejua kwamba ataulizwa akawa mwangalifu. Huu ni msingi wa pili, na ni wa bei ndogo kuliko yote: hesabu za shule ziwe wazi kwa wale ambao watoto wao wanasoma hapo.

Shule iko wapi?

Elimu ya lazima inahitaji shule ambayo mtoto wa miaka 6 anaweza kuifikia kwa miguu. Katika wilaya za mashambani tatizo ni umbali. Kampala tatizo ni ardhi. Mamlaka ya jiji, KCCA, inasimamia shule za msingi za serikali 79 katika jiji ambalo sensa ya mwaka 2024 ililikuta na wakazi karibu milioni 1.8, bila kuhesabu miji inayolizunguka ambayo watoto wake nao huvuka mpaka kila asubuhi. Nyingi za shule hizo zilijengwa wakati jiji lilipokuwa dogo. Mitaa ya mabanda iliyokua baadaye haikupata shule mpya za umma kwa kasi ya watu wake.

Baya zaidi, baadhi ya shule zilizokuwepo zimeondolewa. Shule ya Shimoni, iliyokuwa Nakasero pamoja na chuo cha ualimu, ilibomolewa mwaka 2006 ili kiwanja kipewe mwekezaji wa hoteli ya kuwapokea wageni wa mkutano wa Jumuiya ya Madola wa mwaka 2007. Mkutano ulikuja ukapita, hoteli haikujengwa, na kiwanja kilikaa kitupu kwa miaka. Serikali iliyotaka wote wasome iliwaondoa watoto kwenye madarasa yaliyosimama, kwa ajili ya jengo ambalo halikuwepo.

Pengo hilo limejazwa na shule za binafsi, ambazo Kampala ni nyingi mno kuliko za serikali. Baadhi ni za fahari. Nyingine ni vyumba vitatu vya mabati kando ya mtaro, mwalimu mmoja akishika madarasa mawili. Wazazi wengi wa mitaa ya chini hulipa karo huko si kwa kupenda kujionyesha, bali kwa sababu shule ya serikali iko mbali au darasa lake limejaa hadi mlangoni. Mwezi Novemba 2016 Mahakama Kuu mjini Kampala iliunga mkono uamuzi wa serikali wa kuzifunga shule 63 za kampuni ya Bridge International Academies, kwa hoja ya leseni na viwango. Serikali ilikuwa sahihi kudai viwango: serikali inayomlazimisha mtoto kuwa shuleni inapaswa kuhakikisha kwamba shule hiyo, iwe ya nani, ina choo, ina mwanga na ina mwalimu aliyefunzwa. Lakini kufunga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kufungua ya umma karibu na pale ile nyingine ilipofungwa.

Mwalimu naye ni sehemu ya sharti hilo. Mwezi Juni 2022 chama cha walimu, UNATU, kilitangaza mgomo baada ya serikali kuwapandishia mishahara walimu wa sayansi na kuwaacha wenzao. Kwa wiki kadhaa watoto wa shule za umma walikuwa na kengele, wakawa na ubao, hawakuwa na mwalimu.

Uji na posho

Saa saba mchana ndipo usawa wa elimu ya lazima unapopimwa vizuri kuliko kwenye mtihani wowote. Sheria ya mwaka 2008 inamwachia mzazi jukumu la chakula, mavazi, matibabu na usafiri wa mtoto. Kwa mzazi mwenye mshahara hilo halina uzito. Kwa anayeuza ndizi mbivu kando ya barabara ya Jinja, pesa ya uji na posho, yaani ugali, ya muhula ndiyo karo yenyewe iliyobadilishwa jina. Mtoto ambaye hakulipiwa hukaa darasani wenzake wakila, au hurudi nyumbani na harudi tena mchana. Kisheria hakufukuzwa. Tumbo ndilo lililomfukuza.

Hili nalo lina mfano wa karibu. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha mpango wa Dishi na County, ambamo mwanafunzi wa shule ya umma hupata chakula cha mchana kwa kuchangia shilingi 5 za Kenya, nyingine zikilipwa na kaunti na washirika wake. Karamoja, huku Uganda, chakula cha shuleni kimetolewa kwa miaka mingi kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani, na kila mwalimu wa huko anajua sufuria inavyowavuta watoto. Kampala ina masoko makubwa kuliko yote nchini. Haijakosa chakula, imekosa uamuzi.

Kuingia, kumaliza, kujua

Kati ya watoto zaidi ya milioni 2 walioingia darasa la kwanza mwaka 1997, wale wa Bonna Basome ya kwanza kabisa, chini ya 500,000 walifika darasa la saba mwaka 2003. Ni kama 22 katika kila 100. Sheria inayosema elimu ni ya lazima kwa miaka 7 inahesabu siku ya kumaliza, si siku ya kuandikishwa tu.

Na hata anayemaliza, anajua nini? Tangu mwaka 2010 tathmini za Uwezo, zilizofanywa Uganda, Kenya na Tanzania kwa kuwafuata watoto majumbani, zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Wananchi walikuwa wamekwisha kuona. Mtaani Bonna Basome ilipewa jina la uchungu, Bonna Bakone: wote wadumae. Utani huo ulikuwa ripoti ya ukaguzi iliyoandikwa na wazazi, na ilistahili kusomwa bungeni.

Lugha ni sehemu ya jibu. Mtaala wa mwaka 2007 uliagiza darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, kisha wahamie Kiingereza darasa la nne. Kampala, jiji la makabila yote, shule nyingi huanza na Kiingereza tangu siku ya kwanza, na mtoto ambaye nyumbani husikia Kiganda, Lusoga au Kinyarwanda hujifunza kusoma maneno kabla ya kuyaelewa. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliagiza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Ni agizo jema kwa nchi ya Afrika Mashariki, lakini neno lazima hapa tena limetangulia mbele ya walimu na vitabu.

Anayefaidika na Kiswahili hicho mapema ni mtoto mkimbizi. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na ya mtoto wa Uganda. Hilo ni jambo la heshima kubwa. Hata hivyo mtoto aliyesoma hadi darasa la tano Goma au Bukavu, huko Kongo, kwa Kifaransa na Kiswahili, akifika Katwe au Nsambya huweza kurudishwa darasa la pili kwa sababu hajui Kiingereza. Akili yake haikurudi nyuma alipovuka mpaka. Shule ndiyo iliyokosa daraja la lugha.

Mtoto asiyehesabiwa

Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022. Zikijumlishwa siku za kufungwa kabisa na kwa sehemu, ni wiki 83, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Wanafunzi milioni 15 waliguswa. Mamlaka ya Taifa ya Mipango ilikadiria kwamba hadi asilimia 30 yao huenda wasirudi. Wengine walikuwa wameshaanza kuchuuza, kuponda kokoto, au walikuwa wamebeba mimba. Mwongozo wa wizara wa mwaka 2020 unamruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani, na Tanzania nayo iliondoa katazo lake Novemba 2021. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kumwambia msichana huyo kwamba kiti chake kipo.

Badala yake, mkono wa sheria huonekana zaidi barabarani. Mwaka 2019 baraza la jiji la Kampala lilipitisha sheria ndogo inayokataza kuwapa fedha au chakula watoto wa mitaani, na inayowaadhibu watu wazima wanaowatumia watoto kuomba au kuchuuza. Nia ya kumlinda mtoto dhidi ya wanaomfanya mtaji ni njema. Lakini mama aliyetoka Napak, Karamoja, akakaa Kisenyi na mwanawe anayekusanya chupa, anakutana na adhabu kabla hajakutana na shule. Adhabu ina nafasi yake katika elimu ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtishia mzazi kwa faini au kifungo. Nafasi hiyo ni ya mwisho: baada ya shule kuwapo, karo kuondolewa, chakula kupatikana, na ofisa wa elimu kufika nyumbani kuuliza kilichotokea.

Ukipanga yote haya, jibu la swali la mwanzo linajitokeza. Lazima inamfunga mzazi, ndiyo, lakini inaifunga serikali kwanza. Nchini Uganda mpangilio huo umeandikwa vizuri kwenye karatasi na umegeuzwa mitaani: mzazi wa Bwaise anatekeleza sehemu yake na sehemu ya serikali pia.

Pa kuanzia panajulikana, kwa kuwa Uganda iliwahi kuanzia hapo. Katika kila shule ya umma ya Kampala, muhula huu, mlangoni pa ofisi pabandikwe karatasi moja yenye mambo manne: shilingi zilizopokelewa kutoka serikalini na siku zilipofika, walimu walioajiriwa na wanaofundisha kweli, watoto walioandikishwa, na watoto walioacha kuja pamoja na hatua iliyochukuliwa kuwatafuta. Kila shule ya serikali ina kamati ya usimamizi, na wazazi wanawakilishwa humo. Mzazi uliyekwenda Kikuubo na orodha ya shule mkononi, iombe kamati yako ikuonyeshe orodha hiyo nyingine.